Bastola au renja? Naomba ushauri

Hamjambo wadau. Mwezi ujao tunapanda kilele cha Koitobos, Mlima Elgon, tukiwa watatu kutoka hapa Nakuru, na tutalala huko siku mbili. Nina bastola ya milimita 9, leseni ipo. Lakini mbele ya nyati, au ndovu wanaofuata chumvi pango la Kitum, naona ni fataki tu. Rafiki yangu aliye Alaska anasifia rivolva ya .44 Magnum, wao lakini wanahofia dubu. Halafu nilipojaribu kutembea na hii bastola yangu kreta ya Menengai, mkanda wa begi uliisukuma mpaka ikanichubua nyonga. Na mbugani huingii na silaha bila idhini.

Mliowahi kulala huko: renja (askari wa wanyamapori) mmoja wa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki anatosha? Na bastola yangu niiache wapi kwa usalama?