Foronya za kudarizi kwa soko la Ujerumani: mkono au mashine ya kompyuta?

BintiMkunazini: Wakuu habari zenu. Niko Unguja, namalizia masomo ya ubunifu wa nguo. Mradi wangu ni foronya za mito ya kochi, merikani nyeupe, na mapambo nimeyatoa kwenye kofia za viua, zile za vitundu vilivyozungushiwa uzi. Niwape kazi kina mama wanaoshona kofia, au nimpe mchoro fundi wa mashine ya kompyuta?

FundiGerezani: Mashine, dada. Mishono 800 kwa dakika, na foronya ya mwisho ni pacha wa ya kwanza. Mchoro andaa kwa Ink/Stitch, programu ya bure, uhifadhi kwa DST, faili inayosomwa na mashine za kudarizi. Ila viua sikudanganyi: mashine yangu haitoboi tundu, inajaza uzi tu. Ukiongeza wingi wa mishono kitambaa kinakakamaa kama boksi.

MamaKofia: Mwanangu, kofia moja ya viua inakula mwezi na zaidi, sasa wewe unataka kujaza foronya nzima? Utamuuzia nani? Weka mkanda mwembamba upande mmoja, basi. Halafu kila kazi igeuze uitazame nyuma: vifundo na nyuzi zinazoning'inia ndipo mnunuzi anapoanzia. Shona kipande kimoja mwenyewe, uangalie saa, ndipo uwapangie wenzio malipo.

Mzigo_Bandarini: Naungana na Mama. Kitu cha mashine Mjerumani anakipata popote, tena kwa bei ya chee. Tanzania tumo kwenye EBA, mpango wa Umoja wa Ulaya kwa nchi maskini, ushuru ni sifuri ukitimiza masharti ya uasili, yaani bidhaa ihesabike imetengenezwa hapa. Na mzigo usiozidi yuro 6,000 hauhitaji usajili wa REX, yaani orodha ya wauzaji nje wa kwenda Ulaya; tamko la uasili unaliandika mwenyewe kwenye ankara. Uzi wa rangi usinunue ule usiojulikana kiwanda, maana kuna rangi za azo, rangi za kemikali, zilizopigwa marufuku Ulaya. Na merikani ifue kabla ya kukata, la sivyo itasinyaa ikiwa kwa mteja.

FundiGerezani: Mzigo, bei ya chee ndiyo inayonilisha mimi 😄 Lakini kwa viua nimenyoosha mikono.

BintiMkunazini: Shikamoo Mama, na ahsanteni wote. Basi mkanda mmoja wa viua, kwa mkono. Kipimo je?

Mzigo_Bandarini: Sentimita 50×50 au 40×40. Ile 80×80 ni mto wa kulalia. Lebo iseme "100 % Baumwolle", yaani pamba tupu, kama na uzi nao ni pamba.

BintiMkunazini: Inashonwa wapi?

Mzigo_Bandarini: Mshono wa ndani, karibu na zipu.