Mrejesho: Noeli ya kwanza ya mtoto wetu

Wamama na wapapa, asanteni. Niliuliza kama mtoto wetu wa miaka 7, tuliyekabidhiwa Septemba baada ya hukumu ya mahakama ya watoto, tumpeleke Noeli ya ukoo mzima kule Katuba, Lubumbashi. Wengi mlisema punguzeni watu, mwelezeni mapema siku itakavyokwenda.

Basi tulibaki nyumbani, watu sita. Kuku, bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo). (Shemeji kanuna, atapoa.) Nguo mpya aliikataa, akavaa fulana aliyotoka nayo kwenye kituo cha watoto, shingo imelegea. Nikamwacha.

Paja la kuku alikula nusu. Nusu nyingine niliikuta usiku chini ya mto wake, kaifunga kwenye karatasi ya zawadi, mafuta yameshatoboa. Nusura nigombe, nikakumbuka mmoja wenu alivyosema: anaficha kwa sababu kesho hajaiamini. Nikaweka maembe mawili kwenye bakuli kando ya kitanda, nikamwambia ni yake.

Asubuhi nikakuta kokwa moja. Embe la pili alimpelekea mume wangu: "Papa, hili lako." Mimi bado ananiita madamu, kama walezi wa kituoni.