Msokoto mmoja, miaka mitano: gumzo la kikundi cha ukoo

Kikundi: UKOO WA BI RUKIA (Mombasa na ng'ambo)

Ami Twaha: [Imesambazwa mara nyingi] HABARI MPYA!! Bangi sasa ruhusa Kenya, kila mtu gramu 25 nyumbani kwake. Tuma kwa vikundi 10.

Ami Twaha: Assalaam alaykum jamaa. Hii nimeletewa na watu wawili tangu alfajiri. Zuhura mwanangu, wewe ndiye uliyesomea sheria. Ni kweli?

Zuhura: Waalaykum salaam Ami. Si kweli. Hizo gramu 25 ni za Ujerumani, sheria yao ilianza Aprili 2024. Sisi bado tuko na sheria ya dawa za kulevya ya 1994. Kilichopungua ni adhabu. Zamani hata ukiithibitishia mahakama kwamba bangi ni ya kuvuta mwenyewe, kifungo kilikuwa miaka 10. Tangu marekebisho ya 2022 ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000.

Shangazi Mwanaisha: Alhamdulillahi. Moyo ulinienda mbio niliposoma.

Swaleh: Shangazi, shikamoo. Lakini miaka 5 kwa msokoto mmoja, hiyo nayo si ya kushukuru.

Shangazi Mwanaisha: Marahaba. Swaleh baba, wewe hujakesha umeegemea mlango ili mtoto asitoke nje uchi usiku. Usinifundishe cha kushukuru.

Swaleh: Nisamehe shangazi. Sikumkusudia ndugu yangu, mwanao.

Athman (Cape Town): Salaam wote. Huku kwetu mjadala huu ulishapita. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema mtu mzima akivuta au akipanda bangi yake faraghani, serikali haina haki ya kumfanya mhalifu. Jaji Zondo ndiye aliyeandika hukumu. Bunge likakawia, sheria yenyewe ikatiwa saini Mei 2024.

Ami Twaha: Na mji umetengenea?

Athman (Cape Town): Sitakuficha Ami. Kuuza bado ni kosa, lakini maduka yapo wazi na kila mtu anayaona. Hilo limewashinda. Ila kuna kisa kimoja nataka mkisikie. Yule aliyeshinda kesi, Gareth Prince, ni Rasta aliyesomea uanasheria. Alimaliza masomo, chama cha mawakili kikamkatalia kuingia kazini kwa sababu alishapatikana na hatia ya kuwa na bangi, na akasema hataacha kuitumia kwa kuwa ni ibada yake. Akaenda mahakamani, 2002 akashindwa kwa majaji 5 dhidi ya 4. Mpaka 2018 ndipo akashinda. Piga hesabu ya miaka hiyo. Mtu hakuiba, hakumpiga mtu.

Zuhura: Hapo Athman umegusa kinachoniuma mimi. Watu wanazungumzia jela, mimi naona karatasi. Vijana wetu wa Pwani wanatafuta kazi Qatar, Saudia, ulinzi, udereva. Cha kwanza kinachotakiwa ni cheti cha tabia njema. Kijana alitozwa faini ya msokoto akiwa na miaka 19, akailipa, akadhani yamekwisha. Miaka inapita, amepita usaili, cheti kinatoka na ile kesi imeandikwa. Nimekaa na mmoja kama huyo ofisini, analia. Hana kazi, na bangi alishaacha zamani.

Swaleh: Na hao ni waliofika mahakamani. Sisi wa boda tunasimamishwa, tunapapaswa mifuko. Ukipatikana na kipande, hakuna kituo hakuna hakimu. Ni elfu mbili hapo hapo. Huna, piga simu nyumbani mama atume. Sitaji ni wapi wala nani, lakini kila mtu wa stendi anajua.

Mjomba Kombo: Nimestaafu, kwa hivyo nitasema. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa askari jela. Kijana analetwa na msokoto wake mmoja, nyumbani hawana dhamana, analala chumba kimoja na watu wa mapanga. Wengi wao hata hawajahukumiwa, wanangoja ripoti ya mkemia wa serikali iseme kwamba lile jani ni bangi. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena. Aliingia anavuta bangi tu, anatoka anajua unga, yaani heroini, unauzwa wapi na nani. Nimewaona wakirudi, sasa wana alama za sindano mikononi. Mwenye pesa sikumuona jela kwa kesi hiyo. Sikumbuki hata mmoja.

Ami Twaha: Kombo, maneno yako ni mazito na siyakatai. Lakini Mtume (S.A.W.) amesema kila chenye kulevya ni haramu. Hapo hapana mjadala.

Zuhura: Sijadili hilo Ami, na sitalijadili. Mimi mwenyewe naamini ni haramu. Lakini pombe ni haramu vilevile, na baa zina leseni. Hakuna anayefungwa miaka 5 kwa chupa moja aliyoinywa kwake. Ninachouliza ni kama polisi na jela ndiyo njia ya kumtoa mtu kwenye haramu.

Ami Twaha: Pombe kuruhusiwa ni kosa. Kosa halirekebishwi kwa kuongeza la pili. Na mfano uko hapa hapa, hatuna haja ya kwenda Ujerumani. Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024 gavana wa Mombasa akaupiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Sote tulifurahi. Haikufika wiki mbili, serikali kuu ikasema marufuku hayana nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria, na mahakama ya Embu ikayasimamisha. Watoto wa shule wanatafuna mpaka leo. Kitu kikishapata wakulima, wafanyabiashara na wabunge wa kukitetea, hutakiondoa tena. Ndiyo hofu yangu na bangi.

Salma: Ami, hiyo ni hoja nzuri kuliko zote nilizosikia upande huo.

Zuhura: Ni kweli, na ndiyo maana nataka tutenganishe mambo mawili. Kuna kuhalalisha biashara, na kuna kuacha kumfunga mtumiaji. Wajackoyah, akigombea urais mwaka 2022, alizungumzia biashara: tulime, tuuze nje, tulipe deni la taifa. Akapata kura 61,969 nchi nzima. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, naye alitayarisha mswada 2018, akafariki 2019, haukufika popote. Rastafari walioenda Mahakama Kuu Nairobi 2021 wao hawakuomba duka, waliomba wasikamatwe majumbani mwao na mahali pao pa ibada. Mimi niko karibu na hawa wa mwisho. Thailand walifungua Juni 2022 kabla ya kuweka kanuni za biashara, maduka yakajaa kila kona, na 2025 wakalazimika kurudi kudai cheti cha daktari. Sitaki hiyo hapa.

Swaleh: Kwani ukiacha kumkamata mvutaji, atainunua wapi kama kuuza ni kosa?

Athman (Cape Town): Hilo swali huku hawajalijibu, Swaleh. Wanasema uipande mwenyewe. Anayeishi chumba kimoja ghorofani apande wapi?

Salma: Niseme kama muuguzi. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta zaidi ya Wakenya 518,000 wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi, yaani 1 kati ya 53, na idadi ilikuwa imekaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka 5. Sheria kali ilikuwepo miaka yote hiyo. Lakini pia msiwadanganye vijana kwamba ni jani tu. Anayeanza mdogo, anayevuta kila siku, na ambaye ukoo wake una ugonjwa wa akili, hatari yake ya kuchanganyikiwa ni kubwa zaidi. Tunawapokea wodini.

Shangazi Mwanaisha: Nilikuwa nasoma tu. Sasa nitasema.

Shangazi Mwanaisha: Mwanangu alianza akiwa na miaka 14, maskani hapo nyuma ya soko. Mnajua alivyokuwa na akili ya hesabu. Akaanza kusikia watu wanamwita. Akanishika mimi, mamake, akisema nimemtilia sumu chakulani. Daktari hakusema ni bangi peke yake, alisema ilimchochea. Kwa hivyo mtu akiniambia bangi haina neno, simsikilizi.

Shangazi Mwanaisha: Lakini kuna ambalo wengine hapa hamlijui. Alishikwa mara moja, na kipande kidogo. Alipokuwa rumande hakupewa dawa zake. Nilizipeleka mwenyewe, nikarudishwa mlangoni. Alipotoka hakunijua. Alikuwa ameanza kupata nafuu kabla ya hapo, mpaka anaswali nasi. Sitaki bangi iruhusiwe. Na sitaki mwanangu afungwe. Kama kuna sheria yenye yote mawili, Zuhura nionyeshe.

Mjomba Kombo: Dada, pole sana. Hili hukuniambia.

Shangazi Mwanaisha: Ulikuwa kazini, ningekuweka pabaya.

Zuhura: Shangazi ipo. Ureno, tangu 2001. Bangi haikuruhusiwa na muuzaji anafungwa. Ila ukikutwa na kiasi cha kutumia siku 10, hupelekwi mahakama ya jinai. Unapelekwa mbele ya jopo la watu watatu, wa sheria, wa afya na wa ustawi wa jamii. Wanakuuliza hali yako. Mgonjwa anaelekezwa kwenye matibabu, asiye mgonjwa anaonywa au anatozwa faini. Rekodi ya jinai haiandikwi.

Salma: Na si jambo geni kwetu kama tunavyodhani. Walioharibika na unga leo wanakunywa methadoni, dawa ya kuwaachisha heroini, pale Kisauni, na serikali inajua. Huyo wa heroini tumekubali ni mgonjwa. Wa bangi bado tunamfunga.

Ami Twaha: Nimesoma yote, ya Mwanaisha nimeyasoma mara mbili. Kuruhusu, mimi siwezi. Kuuza, kupanda, kuvuta mbele ya watoto, hapana. Lakini aliyekutwa na kiasi chake kwa mara ya kwanza aende kwa daktari, asiende jela. Hilo nalikubali, na nitalisema darasani baada ya Maghrib. Je, akirudia mara ya pili?

Zuhura: Mara ya pili pia Ami. Aliyerudia ndiye anayemhitaji daktari zaidi.

Ami Twaha: Hapo bado hatujakutana.

Shangazi Mwanaisha: Mimi niko na Zuhura, ya pili na ya tatu. Twaha, njoo Ijumaa baada ya swala tuzungumze uso kwa uso. Salma naye aje, nataka kumuuliza habari za dawa.

Salma: Nitakuja shangazi. Niandalie karatasi zake za hospitali zote, hata zile za zamani.