Ushauri: Nimenyimwa likizo ya mwaka kwa sababu nilishachukua ya uzazi

Mama Pacha
Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuguzi wa zahanati, halmashauri moja mikoa ya kusini. Mwezi wa pili nilijifungua mapacha, nikapewa likizo ya uzazi siku 84, zilipoisha nikarudi kituoni. Sasa nimeomba likizo ya mwaka ili Desemba niende kwetu Kagera, wazazi wawaone wajukuu. Barua nilipitisha kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, ikarudi imeandikwa pembeni kwa wino mwekundu: "Ameshapumzika siku 84. Asubiri mwakani." Nikaulizia nauli, maana mwaka huu ndiyo zamu yangu, nikajibiwa bila likizo hakuna nauli. Ni kweli ukichukua ya uzazi ile ya mwaka inakufa? Naomba mwenye uelewa anisaidie.

Mzalendo wa Masjala
Hongera kwa mapacha, dada. Haifi. Hizo ni likizo mbili tofauti, kila moja ina kifungu chake.

Afisa Utumishi Mstaafu
Mwanangu, pole, na hongera. Hili nimekutana nalo sana kazini na linaniuma kila nikilisikia, kwa sababu wanaoumia ni akina mama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 31, inakupa siku 28 za mfululizo kila mwaka. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo humo humo, kwa hiyo piga hesabu ya safari yako mapema. Kifungu hicho hicho kinamkataza mwajiri kukuhesabia likizo ya mwaka badala ya ugonjwa au uzazi. Aliyeandika kwa wino mwekundu amechanganya mambo mawili.

Ila tuwe wakweli: mwajiri ana mamlaka ya kupanga utaenda lini. Akisema Desemba kituo kina upungufu, uende Februari, hajakosea. Asichoweza ni kuifuta. Likizo inatakiwa itoke ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko wako wa mwaka kwisha. Kusogeza hadi miezi 12 kunahitaji ridhaa yako na sababu za kikazi. Kwa hiyo, ile "asubiri mwakani" usiipokee kwa mdomo tu.

Nauli ni jambo jingine. Kwa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 hulipwa mara moja kila miaka miwili: wewe, mwenza, na wategemezi wasiozidi wanne. Mapacha umeshawaingiza kwenye jalada lako? Kama bado, peleka nakala za vyeti vya kuzaliwa vya RITA kesho. Mhasibu halipi jina ambalo halimo kwenye jalada, hata akuonee huruma vipi.

Mfawidhi Kijijini
Naomba nitetee upande wa pili kidogo. Kuna zahanati zina wauguzi wawili tu. Mmoja akienda uzazi, aliyebaki anazalisha usiku, asubuhi anachanja watoto, na likizo yake mwenyewe inasogezwa. Simtetei aliyeandika vile, amekosea. Lakini dada, kaa na mwenzako mpange tarehe kabla hujapeleka barua. Mfawidhi akiona kituo hakibaki wazi, mara nyingi anasaini.

Mzalendo wa Masjala
Mfawidhi kaongea ukweli. Mimi naongeza la barua: iandike upya kwa Mkurugenzi Mtendaji, kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Itaje ile iliyokataliwa na uiambatanishe. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa masjala, ukae nayo. Kama mnaombea likizo kwenye ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni, omba na huko pia. Ombi la mdomo halina tarehe, na siku ya kudai utaulizwa tarehe.

Afisa Utumishi Mstaafu
Nimerudi, kuna kitu kimenipita. Umesema mapacha. Mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo anastahili siku 100, si 84. Kifungu cha 33.

Mama Pacha
Jamani! Hilo hakuna aliyeniambia, hata wa ofisi ya utumishi. Kwa hiyo siku 16 nilifanya kazi nikiwa natakiwa nyumbani? Naweza kuzidai sasa hivi? Na nianze na CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au wapi?

Afisa Utumishi Mstaafu
Zidai kwa barua yake peke yake, usiichanganye na ya likizo ya mwaka, maana ukichanganya watajibu moja na nyingine italala. Ambatanisha vyeti vya watoto wote wawili.

CMA usikimbilie. Tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi amalize kwanza njia za ndani ya utumishi. Anza na Mkurugenzi. Asipokutendea haki, nenda Tume ya Utumishi wa Umma. Kama unakatwa ada ya chama cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, mshirikishe mwakilishi wa tawi tangu barua ya kwanza. Na kama bado unanyonyesha, unayo haki ya hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hiyo iombe leo, haisubiri majibu ya barua.

Mama Pacha
Mungu awabariki. Mwenzangu kituoni amekubali nianze tarehe 15 Desemba, yeye aende Januari. Kesho napeleka barua zote mbili masjala.