Mjadala: Nosara, Costa Rica. Wahamaji wa kidijitali watozwe kodi au waachwe?

Hoja
Costa Rica ilipitisha Sheria namba 10008 mwaka 2021. Mgeni anayefanya kazi kwa intaneti kwa mwajiri au wateja walio nje ya nchi, akithibitisha kipato cha dola 3,000 kwa mwezi (4,000 akija na familia) na bima ya afya isiyopungua dola 50,000, hupewa kibali cha mwaka mmoja kinachoweza kuongezwa mwaka wa pili. Kipato hicho hakikatwi kodi ya mapato. Wanaopinga wanaitazama Nosara, kijiji cha pwani ya Pasifiki kwenye rasi ya Nicoya, ambako pango la nyumba limewashinda wenyeji. Msamaha ufutwe? Kenya nayo imeanzisha kibali cha daraja N kwa watu wa namna hii, kwa hiyo watu wa Diani na Watamu wasipite kimya.

Mtoza Ushuru
Ufutwe kesho. Muuguzi wa EBAIS, yaani zahanati ya serikali ya pale, anakatwa mchango wa Caja, mfuko wa taifa wa bima ya jamii, kila mwezi. Mgeni anayemzidi kipato hakatwi kitu. Barabara anaipita na taka anazalisha. Halafu tunaambiwa tumshukuru kwa kununua kahawa!

Karani wa Zamani
Mkuu, hasira ni halali ila umelenga pabaya. Kwanza, vitu vingi anavyonunua dukani vina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 13, kwa hiyo si kweli kwamba halipi kitu. Pili, wengi hawaombi kibali hicho kabisa. Raia wa Marekani au Kanada anaweza kugongewa hadi siku 180 za utalii uwanja wa ndege, akafungua kompyuta kesho yake. Ukifuta msamaha, utakayemnasa ni yule mmoja aliyejiandikisha kwa hiari. Wengine hutawaona hata kwenye daftari.

Mtoza Ushuru
Kwa hiyo sheria isitungwe kwa sababu wapo wanaoikwepa? Na wenzako hupenda kusema Costa Rica inatoza mapato ya ndani tu, mshahara wa Toronto hauwahusu. Kazi ikifanyikia Nosara, mtu anaweza kabisa kudai kwamba mapato yake yamezaliwa Nosara. Ndiyo maana ilibidi msamaha uandikwe.

Karani wa Zamani
Hapo nakubali, hoja ya chanzo cha mapato ina nguvu. Lakini fuata pesa. Kodi ya mapato inaingia hazina kuu, San José. Nosara haina hata manispaa yake. Ni kata chini ya manispaa ya Nicoya. Inachokusanya manispaa yenyewe ni kodi ya majengo, asilimia 0.25 ya thamani kwa mwaka, na thamani hiyo mwenye nyumba huitangaza mwenyewe angalau mara moja kila miaka mitano. Piga hesabu: nyumba ya dola 800,000 ikitangazwa kuwa ya 200,000, inalipa 500 badala ya 2,000. Nyumba mia za namna hiyo ni dola 150,000 kwa mwaka ambazo zingemwaga kokoto barabarani. Nyumba haina pasipoti wala haikimbilii Panama.

Bi Mpangaji
Nyote wawili mnazungumzia kodi wakati kinachomtoa mwalimu kijijini ni mkataba. Sheria ya upangaji ya Costa Rica, namba 7527 ya mwaka 1995, inampa mpangaji wa makazi miaka mitatu. Hata karatasi ikiandikwa miezi sita, kisheria inasomeka miaka mitatu. Na pango likiandikwa kwa dola, haliongezwi ndani ya muda huo. Ulinzi mzuri kweli.

Sasa mlango wa nyuma: sheria hiyohiyo haizigusi nyumba za utalii zinazopangishwa kwa msimu. Basi mwenye nyumba anaandika neno "utalii" juu ya mkataba, anampangisha mwalimu kuanzia Mei mvua zinapoanza, na Desemba anamtoa ili ampokee mwenye dola. Shule kule zinafungua Februari, katikati ya msimu wa wageni. Mwalimu anatafuta chumba wakati ambao vyumba ni ghali kuliko wakati wote wa mwaka. Hata ukimkata mhamaji nusu ya mshahara, Desemba itafika vilevile.

Fundi Bomba
Naongezea maji, maana kuna msemo kwamba mtu mwenye kompyuta tu haelemei miundombinu.

Maji ya vijiji vya kule yanaendeshwa na ASADA, chama cha watumia maji wenyewe. Mvua inakatika Desemba hadi Aprili, na wageni wanajaa miezi hiyohiyo. Presha inashuka, kila nyumba ya kupangisha inafunga simtanki la lita 1,100 na pampu, pampu zinavuta usiku, na aliye mwisho wa bomba bila pampu anaamkia hewa. Bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4, kina mita 1.5, ni lita 48,000 za kujaza. Kiangazi likipoteza milimita 5 kwa siku, ni lita 160 zimepaa, bila mtu kuoga.

Majitaka ni balaa zaidi. Hakuna bomba kuu, kila nyumba ina shimo lake. Shimo lililopimwa kwa watu wanne likipokea wanane, uchafu haupati muda wa kutuama. Unasukumwa hadi kwenye mitaro ya kunyonya maji, ukaziba udongo wake. Oktoba, ardhi ikiwa imeshiba mvua, maji yanarudi juu. Kuita gari la kunyonya kunaondoa tope la shimoni, hakufungui mtaro ulioziba. Huo unachimbwa upya.

Rungu halisi lipo hapo: bila barua ya kuthibitisha kwamba maji yapo, kibali cha ujenzi hakitoki. Anayetaka kupunguza kasi aibane barua hiyo, aachane na mishahara ya watu.

Nipo Kwa Shemeji
Samahani kwa kuchepuka. Mwenye mwajiri Nairobi anaweza kuishi huko?

Fundi Bomba
Usiku wako utaharibika, ndugu. Tofauti ni saa tisa, mwaka mzima. Mkutano wa saa tatu asubuhi Nairobi ni saa sita usiku Nosara. New York ndiyo inayoendana na Nosara, tofauti saa moja au mbili. Umeme ni volti 120: chaja ya kompyuta iliyoandikwa 100–240 inafaa, ila birika lako la wati 2,000 kutoka nyumbani litatoa kama 500, utasubiri chai hadi ukate tamaa. Umeme ukikatika, ruta na kisanduku cha faiba vinakula takriban wati 20. Betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 20, inavibeba karibu saa kumi. Dishi la Starlink kwenye betri hiyohiyo, saa tatu hivi.

Mtoza Ushuru
Turudi. Bi Mpangaji, ukiziba mlango wa "utalii", mwenye nyumba ataacha kumpangisha mwalimu kabisa, nyumba ikae tupu Mei hadi Novemba. Hapo umemsaidia nani?

Bi Mpangaji
Hiyo hatari ipo, sitaificha. Ndiyo maana hesabu ya Karani inahitajika pamoja na yangu: nyumba ithaminiwe na mthamini wa manispaa, na inayopangishwa kwa msimu ilipe kiwango cha juu kuliko yenye mkataba wa miaka mitatu. Kukaa tupu kuwe na gharama.

Karani wa Zamani
Kiwango cha 0.25 kimewekwa na sheria ya taifa, namba 7509. Manispaa haiwezi kukipandisha yenyewe, lazima Bunge. Thamani ndiyo inayoweza kuguswa mwaka huu.

Mtoza Ushuru
Basi manispaa ianze na thamani. Msamaha bado nautaka ufutwe.