Nyie wa "weka -O2 tu", hebu njooni hapa!

Wakuu, leo sina salamu. Wiki nzima nalala saa nane usiku kwa sababu ya ushauri niliopewa na watu wa humu kuhusu -O2 na -Os, zile swichi za kompaila (programu inayogeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya mashine): -O2 inalenga mbio, -Os inalenga udogo.

Nahudumia ruta za hosteli moja ya wanafunzi hapa Arua, vile vidude vya zamani vya flashi (hifadhi) ya megabaiti 8 na ramu 64. Niliuliza tu kwa nini OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, inajengwa kwa -Os. Mkanicheka: "Hiyo ya wazee, weka -O2 mtandao upae." Nikaweka. Kerneli, kile kiini cha mfumo, ikanenepa hadi haitoshi kwenye flashi, nikaanza kung'oa moduli, vile vipande vyake vya ziada. Umeme nao ukakatika mara mbili katikati ya kukompaili, lakini hiyo si kesi yenu. Kesi yenu ni kwamba ruta ilipowaka, jioni wanafunzi wote wakiingia, inajikokota kuliko zamani. Banange!

Hivi hamjui kuwa kwenye mashine ndogo wembamba wa kodi (maagizo ya programu) ndiyo mbio zake? -O2 inanakili funksheni ndogo ndani ya zile zinazoziita, kisha inajaza nafasi tupu ili lupu (kodi inayojirudia) zianzie kwenye anwani nzuri ya kumbukumbu. Prosesa yenye kashe kubwa (kumbukumbu yake ndogo ya haraka) haioni shida. Huku kwangu pakiti moja ya data inapita draiva, faiawali, NAT (kubadilisha anwani za mtandao), halafu draiva tena. Kodi ikivimba, vipande vinafukuzana kwenye kashe na prosesa inakaa kuingoja ramu. Mnapimia lupu moja ya hesabu inayozunguka siku nzima, kerneli haifanyi kazi hivyo.

Wa -Os nao msishangilie. Mpe GCC, kompaila yenyewe, kugawanya kwa namba isiyobadilika kwenye x86 (prosesa za kompyuta za kawaida): kwa -Os anaacha div, amri ya kugawanya, kwa kuwa ni fupi, wakati -O2 ingegeuza iwe kuzidisha, haraka zaidi. Hata Linus Torvalds, muasisi wa kerneli ya Linux, aliyeitetea -Os kwa ajili ya kashe alikuja kuichoka.

Nimerudisha -Os, na kwenye Makefile (faili ya maelekezo ya kukompaili) nikaandika CFLAGS_jina.o := -O2 kwa faili mbili tu za njia ya pakiti. Ruta zimetulia. Hilo mbona hakuna aliyelitaja? Nani humu amewahi kupima kwenye ruta yenyewe, si kwenye kompyuta yake ya mezani Kampala?

Na yule aliyeniambia "utanishukuru", namsubiri anirudishie hela ya bando.