Mrejesho: orodha ya muziki wa kielektroniki na wa kanda

Ndugu zangu, niliwauliza jinsi ya kupanga orodha ya muziki wa kielektroniki na wa kanda (yaani uliotungwa kwa sauti zilizorekodiwa kwenye utepe wa sumaku) wa nchi zote, ambayo nilikuwa nimeianza kwa majina ya watunzi. Nimefuata ushauri wenu wa kutanguliza nchi, kisha mji na studio, kama alivyofanya Mwingereza Hugh Davies, mtunzi na mtafiti wa muziki huu, katika katalogi yake ya 1968. Misri imepata mahali pake kwa mtunzi Halim El-Dabh, aliyerekodi zaar, sherehe ya kupunga pepo, mjini Cairo mwaka 1944, ingawa alitumia waya wa sumaku, si kanda. Nimemwingiza hata hivyo.

Kilichonisumbua zaidi ni muda. Kanda moja niliiandikia dakika 14, mpaka mzee mmoja wa Kamalondo, mjini Lubumbashi, fundi wa redio, alipogeuza boksi la kanda hiyo na kunionyesha "38" iliyofifia, yaani kasi ya sentimita 38 kwa sekunde, iliyoandikwa kwa penseli kando ya gundi iliyokauka. Mashine yangu ilikuwa ikizungusha kwa sentimita 19 kwa sekunde, nusu ya kasi hiyo. Kazi nzima ni dakika 7, na ule mngurumo mzito niliousifu haukuwa wa mtunzi. Sasa kila kazi ina safu ya kasi.